Picha Niliyotuma Mkunga Alipopotea

Mkunga aliyenizalisha watoto wangu wawili aliondoka Masisi Jumanne asubuhi, amekaa nyuma ya pikipiki, mkoba wake wa buluu mapajani. Mimi nilikuwa naelekea shuleni, nilikokuwa nafundisha Kifaransa. Alimwomba dereva asimame kidogo, akaniambia anaenda Walikale kwa mdogo wake, aliyekuwa na mimba ya miezi minane na ambaye tayari alikuwa amepoteza mbili.

"Nitarudi kisha wiki mbili," alisema. "Uniangalizie mutoto."

Mtoto aliyemsema alikuwa binti wa miaka ishirini na mmoja, mwanafunzi wa ualimu, mwenye akili zake zote. Lakini ndivyo tulivyozoea kusema, nami nikajibu ndiyo.

Saa nane mchana alimpigia binti yake akiwa kwenye kilima cha mwisho chenye rezo ya simu, pale njia inapoanza kushuka msituni. Alisema matope yameishinda pikipiki, anaendelea kwa miguu pamoja na wachuuzi. Baada ya hapo simu yake haikuita tena. Siku mbili baadaye tulianza kusikia silaha nzito upande wa chini, na watu wakaanza kupanda kutoka vijiji vya msituni wamebeba magodoro, sufuria na kuku. Kila aliyefika tulimwuliza. Hakuna aliyemwona.

Masisi nzima ilimjua. Alikuwa amezalisha wake wa wakulima na wake wa wafugaji, katika kituo cha afya na chini ya maturubai ya kambi, katika miaka ambayo tulihama na kurudi mpaka tukaacha kufungua mizigo yote. Kulikuwa na watu wenye ndevu waliomwita Mama kwa sababu mikono yake ndiyo iliyowapokea. Kwa hiyo alipopotea haikuwa habari ya nyumba moja. Redio yetu ilisoma tangazo kila siku. Padri aliomba kwa ajili yake misani. Na mfanyabiashara mmoja mwenyeji wa Butembo, mwenye duka la saruji na mafuta ya kupikia karibu na soko, akafungua grupu ya WhatsApp ili tusaidiane kumtafuta.

Alikuwa na nia njema. Duka lake lilikuwa na paneli za jua na wengi wetu tulichaji simu zetu pale. Nilipokwenda kuchukua yangu, aliniita pembeni.

"Mwalimu, weye unajua kuandika muzuri. Nakuweka admini pamoja na mi. Batu banaandika kila kitu, unisaidie kuchunga."

Nilifurahi, na lazima niseme hivyo. Kwa miaka mingi nilikuwa nasahihisha imla za watoto ambao baba zao hawakujua nafanya nini shuleni kutwa. Sasa watu wazima walikuwa wakisubiri nitakachoandika.

Kwa wiki moja grupu ilijaa mpaka mfanyabiashara akalazimika kufungua ya pili. Waliingia watu wa Goma, watu wa Kampala, watu wa Ubelgiji waliotoka Masisi wakiwa watoto, na wengine ambao hawajawahi hata kukanyaga tope letu. Kila mmoja alijua jambo. Mmoja alisema ametekwa na watu wenye silaha ili awatibu majeruhi. Mwingine alisema ametoroka na mwanamume wa machimboni. Mwingine alituma sauti ya dakika sita akieleza kwamba dereva wa pikipiki ameuza viatu vya kike sokoni. Vijana wakamzuia dereva huyo asubuhi nzima, wakimpokonya simu na kusoma kila alichoandika. Viatu vilikuwa vya mke wake. Hakuna aliyemwomba radhi. Walisema tu kwamba muntu mwenye haki hawezi kukasirika akiulizwa.

Mimi nilichukua daftari jipya la wanafunzi, nikachora njia ya kutoka Masisi hadi Walikale, nikaweka alama kila mahali palipotajwa. Nilisikiliza sauti zote. Niliandika saa, jina la kilima, nani kasema, nani kakana. Nikiwa darasani nilikuwa nawapa wanafunzi kazi ya kunakili ili nipate kutazama simu chini ya meza.

Kisha wakamgeukia binti.

Mtu fulani alituma picha yake akitoka kanisani. Sauti ya mwanamke ikafuata: "Mumuangalie muzuri. Amesuka nywele. Muntu mwenye mama yake amepotea, anapata wapi roho ya kusuka nywele?"

Nywele zile alisukwa na mama yake mwenyewe, Jumapili kabla ya safari. Nililijua hilo, kwa maana niliwakuta uani wakisukana. Ningeweza kuandika mstari mmoja tu. Sikuandika, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumtazama kwa macho yale yale. Nilimpelekea mboga ya sombe siku hiyo, nikakuta vikombe viwili mezani. Nilikaa pale nikijiuliza cha pili ni cha nani, nani alikuwa ameketi kwenye kiti hiki kabla yangu, na kwa nini binti haniangalii usoni.

"Dada, chai inapoa," aliniambia.

Kikombe kilikuwa changu. Alikiandaa aliponiona navuka barabara. Hata hivyo, nilipofika nyumbani niliandika katika daftari: *vikombe viwili*.

Siku ya kumi na nne mfanyabiashara aliweka picha kwenye grupu. Dereva wake aliipiga alfajiri ile pale njia ya magari inapoishia, kumwonyesha tajiri wake jinsi lori lilivyozama. Lori lilijaza karibu picha yote. Lakini ukingoni, nyuma ya gurudumu, alionekana mwanamume mwenye kofia pana na fimbo, akipanda kutoka upande wa msitu. Begani alikuwa na mkoba wa buluu.

Niliikuza picha mpaka ikaanza kupasuka vinukta. Mfukoni mwa mkoba kulikuwa na kipande cheupe. Mkunga alikuwa ameziba pale kwa plasta ya hospitali baada ya mfuko kuchanika, na mimi mwenyewe nilimcheka siku aliyofanya hivyo, nikamwambia mkoba nao ameufunga kidonda. Mkoba sikuukosea. Nilikosea kila kitu kingine.

Mwanamume naye nilimtambua. Alikuwa mfugaji wa Kingi. Asubuhi alileta maziwa mjini, na mara moja kwa mwezi alishuka Walikale na jibini mgongoni kuuza huko msituni ambako hakuna ng'ombe. Kwa miaka minne alisimama mlangoni kwangu na bidoni yake ya maziwa, akinisalimia na kuniulizia watoto.

Nilichora duara jekundu kuzunguka mkoba na uso wake. Nikaandika: "Huu ni mkoba wa Mama yetu. Mtu huyu anatoka Kingi. Aulizwe." Niliusoma ujumbe mara mbili kutafuta makosa ya herufi, nikautuma.

Mfanyabiashara alinipigia papo hapo.

"Mwalimu, weye una hakika?"

"Juu ya mkoba, mia kwa mia."

"Mi sikuuliza mambo ya mukoba."

Akasema, "Toa ile picha kwanza. Njo tumuulize sisi wenyewe, pole pole. Yule papa naye iko na bibi na batoto."

Nilimjibu kwamba watu wana haki ya kujua. Nilikuwa na hasira kidogo, kama mtu anayenyang'anywa sahani aliyopika mwenyewe. Nilipokubali kuifuta, muda wa kipindi kimoja cha darasa ulikuwa umepita, na picha ilikuwa imekwishafika kwenye magrupu ambayo sikuyajua. "Aulizwe" lilikuwa limegeuka "akamatwe". Kisha wakaanza kutaja kabila lake. Kisha wakaanza kusema kabila lote.

Baada ya mapumziko, madawati ya nyuma ya darasa la sita yalikuwa wazi. Niliuliza vijana wakubwa wako wapi. Msichana mmoja akajibu bila kuinua kichwa: "Bameenda Kingi, Madame."

Sikutoka darasani. Niliendelea na somo la vitenzi. Mpaka leo naweza kutaja sentensi nilizoandika ubaoni saa ile.

Hawakumkuta, kwa kuwa alikuwa bado njiani. Walikuta mkewe na watoto. Hawakuwapiga, na siku zile watu walilisema hilo kama sifa. Walivunja boma, wakabomoa kibanda cha kukaushia jibini, wakatawanya ng'ombe vilimani. Mke akawafunga watoto nguo mbili mbili, akashika njia kwenda Bihambwe kwa kaka wa mumewe. Kesho yake, wakati wa mapumziko, niliwaona wanafunzi wangu wamekaa ukutani wakigawana jibini zima kwa rula. Mmoja alinikatia kipande kwa heshima zote, akanyoosha mkono. Niligeuka nikaingia ofisini, nikafunga mlango.

Yule mfugaji alipotea pia. Kwenye grupu, kupotea kwake kulichukuliwa kuwa ushahidi.

Zikapita wiki. Mapigano yalihamia upande mwingine. Daftari langu lilikaa bila kuandikwa. Nilikuwa nimeanza kuona haya kulifungua, ingawa nilijiambia kwamba kama mtu yule hana kosa angejitokeza. Nilijiambia hivyo kila siku, jikoni, njiani, kanisani.

Mkunga alirudi katika wiki ya saba, kwa miguu, adhuhuri, soko likiwa limejaa. Alikuwa amekonda mpaka kitenge kimemzunguka mara mbili. Wanawake waliangusha vikapu. Wengine walilia, wengine walicheza pale pale kwenye tope. Mfanyabiashara alifunga duka lake mchana mzima, jambo ambalo hakulifanya hata mabomu yalipokuwa yakilia.

Habari yake ilikuwa fupi. Siku ya pili msituni alikutana na watu wanaokimbia, wamembeba mwanamke mwenye uchungu kwenye machela ya miti. Akasimama kumzalisha katika kanisa dogo la mbao. Alipomaliza, njia ilikuwa imefungwa mbele na nyuma. Wanawake wengine wakasikia kwamba kuna mkunga kanisani, wakaja. Rezo hakuna, moto wa kuchaji hakuna. Akabaki. Walikale hakufika, mdogo wake alijifungua huko bila yeye, salama.

Nilidhani grupu itanyamaza. Jioni ile ile ujumbe ulianza. *Nani alimurudisha? Wiki saba mu pori, anakula nini? Mbona hawakumuua? Mumuangalie macho, huyu si yeye wa zamani. Labda ametumwa.* Mwanamke aliyesema mambo ya nywele alituma sauti nyingine, na sasa alishauri wenye mimba wasimkaribie mpaka ijulikane alikuwa anafanya kazi ya nani. Niliandika kwamba huo ni uongo. Nikajibiwa: "Mwalimu, weye mwenyewe njo ulituonyesha ile mukoba. Leo umelipwa na nani?"

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwa mkunga. Alikuwa uani, miguu iliyovimba ndani ya beseni la maji ya chumvi. Binti alinipa kiti, akaingia ndani. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, nikasema machache.

"Ile picha ya yule papa wa Kingi. Ni mi nilichora duara. Ni mi niliituma."

Hakushangaa. Alichota maji kwa kiganja, akajimwagia kwenye vifundo vya miguu.

"Mukoba nilimupatia mi mwenyewe," alisema. "Alipita pale kwenye kanisa akiwa anapanda. Watu wote wanaogopa ile njia, yeye alisema atajaribu, ju ya batoto bake. Ndani niliweka barua ya kupelekea binti yangu na listi ya bitu. Gants za mikono, uzi, dawa ya kusimamisha damu. Nilimwambia, peleka nyumbani, bataijaza, unirudishie. Aliniambia siku tano."

Alichota maji tena.

"Nilimungojea. Siku ya kumi nilianza kumutukana mu roho. Nilisema, huyu naye amekula mukoba wangu." Akatazama mikono yake. "Mwanamuke mumoja alinifia mu mikono. Mutoto alitoka muzuri, yeye damu haikusimama. Nilikaa nikifinya ile tumbo mpaka mikono ikakufa ganzi. Ile dawa tu njo nilikuwa nakosa."

"Alikuwa nani?" niliuliza. Sijui kwa nini niliuliza.

Akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Jina yake sitakuambia. Utaiandika."

Nililia. Hakunibembeleza, wala hakunifukuza. Aliponiona naanza kuomba radhi alitikisa kichwa. "Mi hapana. Enda kwa yule papa kwanza."

Mfanyabiashara aliulizia kwa madereva mpaka akasikia mfugaji yuko Bihambwe, akanipeleka huko kwa lori lake, siku ambayo barabara ilikuwa shwari. Alisema picha ilitoka kwenye simu yake, kwa hiyo aibu ni yetu wawili. Alibeba kigunia cha chumvi na sukari. Tulimkuta mfugaji kwenye kibanda cha udongo nyuma ya nyumba ya kaka yake, anashona kamba. Alisimama kutupokea, akatutafutia vibao vya kukalia. Mkewe alibaki mlangoni. Kigunia tulichoweka mbele ya mfugaji hakukigusa. Kilibaki nje, na manyunyu yalipoanza hakuna aliyekiingiza.

"Papa," nilisema, "ni mi mwalimu."

"Nakujua, Mama. Nilikuwa nakuletea maziwa."

Nikamweleza yote. Alisikiliza akiendelea kupitisha kamba kati ya vidole. Akasimulia kwamba kwenye barabara ya magari, saa chache baada ya kulipita lile lori, mwanamke anayeuza ndizi alimshika mkono akamwambia asipande, uso wake uko kwenye kila simu. Alikaa vichakani mpaka watu walipopungua. Aliufungua mkoba, akaona barua, lakini hajui kusoma. Aliogopa kukutwa nao. Akauchoma pamoja na barua, akazunguka kwa njia za ng'ombe, siku tatu, mpaka Bihambwe.

"Ile Mama wa kuzalisha, nilimuahidi," alisema. "Hiyo njo inaniuma. Ng'ombe, sawa. Mumoja amepatikana."

Kisha akaacha kamba.

"Mama, weye ulikuwa na nambari yangu. Siku maziwa inakosa unanipigia. Siku ile, juu ya nini haukunipigia?"

Nilimjibu kwamba sikufikiri. Haikuwa kweli. Nilifikiri. Jina lake lilikuwa kwenye simu ile ile niliyochorea duara, kati ya fundi wa paa na mwalimu mkuu. Niliogopa kwamba atapokea, atanieleza kwa maneno mawili ya kawaida, na jambo litaishia hapo, nami nitakuwa sina kitu cha kuwaambia watu waliokuwa wakinisubiri. Hilo sikumwambia. Nadhani alilijua.

Hakutaka sukari wala machozi. Alitaka karatasi yenye muhuri, inayosema kwamba hakuiba wala hakuua, aionyeshe kwenye vizuizi na kwa yeyote mwenye simu. Tulikwenda kwa chifu wa pale. Nikaandika kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kwa mwandiko wangu mzuri. Chifu alisoma, akashika kalamu juu ya karatasi.

"Hapa imeandikwa kwamba alisingiziwa. Nani alimusingizia? Karatasi haiwezi kusema upepo."

Nikaichukua, nikaongeza mstari wenye jina langu na kazi yangu, nikatia saini. Akapiga muhuri.

Tuliporudi kibandani, mfugaji aliniomba nimsomee mkewe kwa sauti. Nilisoma nimesimama kwenye manyunyu, naye amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Nilipomaliza, akauliza swali lake pekee siku ile.

"Hii ya karatasi nimesikia. Na ile ya mu simu, itatoka lini?"

Mfanyabiashara aliangalia chini. Mimi nilisema sijui.

Hawakurudi Kingi. Mfugaji aliendelea na jibini, lakini alipeleka Goma kupitia Sake, na njia ya Walikale hakuikanyaga tena. Mkunga alikaa miezi kadhaa bila kuitwa. Wanawake walimsalimia kwa mbali, wakaenda kujifungulia kwingine, mpaka asubuhi moja mtoto wa mtu alipokaa vibaya tumboni, na mume mwenyewe, mmoja wa wale waliokuwa wakiandika maneno mabaya, akaja mbio kubisha mlangoni kwake. Alikwenda. Baada ya hapo wakaanza kumwita tena, mmoja mmoja, bila mtu kusema lolote.

Binti yake alimaliza masomo, akaajiriwa shuleni kwetu. Tuna ofisi moja, meza zetu zinatazamana. Ananisalimia vizuri kila asubuhi, ananiita dada kama zamani, na nikiugua huchukua vipindi vyangu bila kuombwa. Ila nikisimama kwenda dirishani au kabatini, nikipita nyuma ya kiti chake, mkono wake unaigeuza simu kifudifudi mezani, naye anaendelea kusahihisha madaftari.